Ombi la msaada wa masomo haliishii kwenye kujaza fomu

Kila msimu wa maombi nakutana na wanafunzi wenye shida ya kweli ambao ombi lao halikufika hata mezani kwa mtu wa kulipima. Hawakunyimwa. Ombi lilikwama ndani ya mfumo wa chuo: kiambatisho kimoja hakipo, majina hayakulingana, au fomu ilijazwa yote ila haikutumwa. Inaniuma, maana mimi nimesomeshwa na msaada huo mpaka nikahitimu, na tangu hapo nimekaa na wadogo zangu wengi mbele ya kompyuta tukijaza fomu zao. Ninachowasisitizia ni kimoja: ombi ni mzigo wako mpaka siku pesa inapoingia.

Anza na barua pepe. Vyuo vingi hutuma taarifa zake kwenye anwani uliyopewa na chuo, si ile uliyoizoea. Ukitakiwa kuleta hati ya nyongeza, ujumbe utalala huko huku wewe ukidhani wamekaa kimya. Iweke kwenye simu siku ileile unapoipata. Namba ya simu uliyosajili nayo iwe ya laini yako mwenyewe, kwa sababu mifumo mingi hutuma humo namba ya uthibitisho kila unapoingia. Ukibadilisha laini kabla hujabadilisha namba kwenye mfumo, umejifungia nje.

Kwenye majina, kompyuta hulinganisha herufi kwa herufi. Mwenye majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa na mawili kwenye cheti cha shule, kwa mfumo anaweza kuonekana watu wawili. Kurekebisha hati huchukua muda, kwa hiyo lishughulikie kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Viambatisho ndiko ninakokaa sana na watu. Picha ya simu mara nyingi huwa nzito kuliko ukubwa ambao mfumo unaruhusu, na mifumo mingine haisemi kwamba imekataa. Inaacha nafasi tupu tu. Ukishapakia hati, ifungue tena ukiwa ndani ya mfumo uisome kama msomaji mgeni. Niliwahi kukaa na binti mmoja aliyekuwa na uhakika kwamba kila kitu kimekamilika. Tulipofungua uthibitisho wa kipato cha mzazi wake, ulikuwepo ukurasa wa kwanza peke yake; saini na muhuri vilikuwa ukurasa wa pili, nyuma ya karatasi, ambao haukuwahi kuskaniwa. Tukaurudisha mzima jioni ileile.

Sehemu ya kipato inatisha wengi, na hapo ndipo panapotaka utulivu. Soma kwanza chuo kinamhesabu nani kuwa mwanakaya, kwa sababu maana hiyo hutofautiana kati ya mfadhili na mfadhili. Kama hakuna kipato, andika 0. Nafasi tupu husomeka kama swali ambalo hukulijibu, na ombi linaweza kurudishwa kuwa pungufu. Tena, fomu nyingi huuliza kipato cha mwaka uliopita au hata wa kabla yake. Mzazi akiwa ameachishwa kazi juzi, fomu haitaliona hilo. Usibadilishe tarakimu kwa kubuni. Jaza ulichoulizwa, kisha andika barua fupi kwa ofisi ya misaada ya wanafunzi ueleze kilichobadilika, uambatishe ushahidi: barua ya kuachishwa kazi, cheti cha kifo, bili za hospitali. Nimeona barua za ukurasa mmoja zikibadilisha uamuzi, na sababu ni kwamba zilikuwa na tarehe na hati badala ya kulalamika tu.

Maelezo marefu yaandike pembeni kwanza, kisha uyanakili, kwani mfumo ukikuona kimya kwa muda hukutoa. Na kuhifadhi si kutuma. Baada ya kutuma tafuta hali ya ombi, piga picha ya skrini yenye tarehe na namba ya ombi, uitunze. Siku ya mwisho mfumo huelemewa. Mimi humaliza angalau wiki moja kabla.

Majibu yakija, usibonyeze kukubali kwa furaha. Tenganisha ruzuku, yaani pesa usiyotakiwa kurudisha, na mkopo, maana mara nyingi huja kwenye ukurasa mmoja na jumla moja. Uliza pia kama riba ya mkopo inaanza kuhesabiwa ukiwa bado unasoma. Kila 100 unayokopa kwa riba ya 8% kwa mwaka inakuwa 132 baada ya miaka 4, hata kabla riba haijazaa riba. Sehemu nyingi unaruhusiwa kukubali ruzuku yote na kuchukua kiasi tu cha mkopo. Hilo ningependa kila mwanafunzi aliulizie.

Pesa nayo kwa kawaida haitoki kabla hujasajili masomo, na ukiacha kozi katikati ya muhula kiasi chako kinaweza kupungua, kwa hiyo pitia ofisi ya misaada kabla ya kuiacha. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uangalie tarehe ya mwisho ya rufaa siku hiyohiyo. Muda wa rufaa huwa mfupi kuliko ule wa maombi, na sababu yenyewe ndiyo itakayokuonyesha hati ipi ya kupeleka.