Anko, nitoe hela ya kikoba ninunue kamera?

SWALI: Shikamoo Anko. Nina miaka 31, nakaa Mbagala, nacheza jukwaani tangu sekondari. Mwaka jana nimecheza maigizo matatu, malipo nauli na chipsi. Nikienda usaili wa tamthilia za TV naambiwa napayuka, wakinichukua nakuwa mlinzi, nafungua geti bosi anapita, basi nimeisha. Nimechoka kusubiri kuitwa, nataka nitengeneze filamu yangu. Kwenye kikoba nina milioni mbili na nusu, nataka ninunue kamera ila mke wangu hataki hata kusikia. Nishauri.
Mlinzi wa Geti, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkeo msikilize. Ukinunua kamera utakuwa na kamera, filamu huna, maana hela ya maiki, taa na wali wa watu itakuwa imeshaisha, na msanii akishinda njaa siku ya kwanza, ya pili hupokelewi simu. Kamera inakodishwa kwa siku. Au tumia simu nzuri, we weka tu fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila picha ichukuliwe kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, coz umeme wetu ni wa hertz 50, ukiacha fremu 30 taa za ndani zinaweza kuchezacheza kwenye picha af hiyo kuja kuirekebisha ni kazi.

Hela peleka kwenye sauti. Watu wanavumilia picha yenye kigiza, ila sauti ya ndani ya pipa hawamalizi hata dakika. Na huko kwenu unakujua, bodaboda, mafundi wa mageti, yule wa spika anayeuza dawa ya panya mende kunguni. Nenda lokesheni saa ileile utakayoshuti, kaa kimya saa nzima, sikiliza.

Hilo la kupayuka ni kweli lakini sio ugonjwa. Jukwaani sauti unamrushia mzee aliyekaa kiti cha mwisho, kamera iko puani kwako tayari. Jirekodi ukisema maneno yako kama unaongea na mkeo usiku mtoto amelala.

Sasa mtaji wako wewe ni mazoezi. Nimeshaona seti msanii anapewa skripti asubuhi mchana anashuti, nyie wa jukwaani mnafanya mazoezi mwezi mzima bure na hamlalamiki (sana). Kwahiyo andika kitu cha dakika 10, watu wawili, sehemu moja, fanyeni mazoezi wiki tatu, shutini siku mbili. Stori unayo, umeniandikia mwenyewe, mlinzi na geti lake. Usiku mmoja ndani ya kibanda, na usiku hata kelele zinapungua.

Kibali usikiruke. Sheria ya filamu ipo tangu 1976, unaomba Bodi ya Filamu kabla ya kushuti, skripti wanaiona, af kazi ikiisha inakaguliwa na kupewa daraja la umri. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nako kasajili. Wenzako wasaini mkataba hata wa ukurasa mmoja, hata kama ni washkaji, hasa kama ni washkaji. Na wimbo wa Bongo Fleva usiuweke bila ruhusa ya mwenyewe.

Kuhusu kurudisha hela ntakwambia ukweli, filamu fupi hairudishi. Zile enzi za kumpelekea msambazaji Kariakoo DVD ukachukua chako ukaondoka zimepita, na wengi waliuza haki zote kwa mkupuo. Hii ya kwako ipeleke ZIFF, tamasha la filamu lipo Zanzibar tangu 1998 na filamu fupi wanapokea, weka tafsiri ya Kiingereza chini. Af wale wa tamthilia wakuone kwa dakika 10 ukiwa mtu, sio geti.

Toa laki nane, zilizobaki ziache kwenye kikoba na mkeo aone. Mazoezi yakianza niandikie nije kuwaangalia, nauli najilipia.