Kwa unayeanza kukimbia: mwendo wa mchakamchaka na raba inayokutosha

Kila mwisho wa mwaka, watu wanapoanza kuulizana habari za kujisajili Kilimanjaro Marathon, barabara za ufukweni hapa Dar es Salaam hujaa sura mpya alfajiri. Tangu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia kule Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, naziona zimeongezeka, na nafurahi kila ninapopishana nazo. Kinachoniuma ni kwamba wengi wao siwaoni tena ikifika Februari. Hawajaacha kwa uvivu. Wameacha wakichechemea.

Nami nilikaribia kuwa mmoja wao. Nakimbia mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa, na mazoezi nayafanya kabla ya kwenda ofisini. Mwaka wa kwanza nilikimbia kila siku, na kila siku hadi pumzi ikatike, kwa kuwa niliamini kwamba zoezi lisilokufanya utwete si zoezi. Miguuni nilivaa raba ya mtumba, safi kabisa kwa macho, namba 41, wakati mguu wangu ni wa 42 na nusu. Wiki ya tano ugoko ukaanza kuuma, ule mfupa wa mbele chini ya goti. Nilipoubonyeza kwa kidole nikapata sehemu moja, ndogo kama sarafu, inayouma kuliko kwingine kote. Nikakimbia siku nne zaidi juu ya maumivu hayo. Daktari aliponiona alinipumzisha wiki sita. Ndani ya wiki hizo nilianza kuuliza maswali ambayo ilinipasa kuyauliza kabla sijafunga kamba za viatu, na majibu yake ndiyo ninayokuandikia hapa.

Mwili haupati nguvu kwa pamoja. Moyo na mapafu huitikia upesi. Wiki tatu au nne tu, ngazi za ofisini zinakuwa nyepesi. Misuli hufuata. Kano na mifupa huchelewa sana, hivyo unavihesabia miezi. Tena mfupa unapopewa mzigo mpya, mwili kwanza huondoa sehemu ya zamani, ndipo hujaza mpya iliyo imara zaidi, kwa hiyo kuna kipindi katikati ambapo mfupa uko dhaifu kuliko siku ulipoanza. Ndiyo maana maumivu ya ugoko na ya nyuma ya kisigino hupenda kuja wakati ule ule mtu anapotangaza kwamba sasa ameshazoea. Pumzi imezoea kweli. Mguu bado uko njiani.

Kwa hiyo kimbia taratibu. Najua umeshaambiwa hivyo na hukuambiwa taratibu ni kiasi gani. Kipimo ninachokitumia mimi tunacho tangu shule: mchakamchaka. Kiongozi anatoa wimbo, kundi linaitikia, hatua zinafuata sauti. Kundi likikata pumzi, wimbo unakufa, na kiongozi mzuri anapunguza mwendo mpaka sauti irudi. Vikundi vya jogingi vya mitaani bado hukimbia hivyo Jumamosi asubuhi, na ukitaka kujifunza mwendo sahihi bila saa wala simu, nenda kakimbie nao katikati ya kundi. Ukiwa peke yako, sema sentensi nzima kwa sauti, kwa mfano umweleze mtu wa kufikirika ulichokula jana na nani alipika. Ukiifikisha mwisho bila kuchota hewa katikati, uko sawa. Ukiweza tu kusema "ndiyo" au "ngoja", umekwenda kasi.

Kwa wanaoanza niliokimbia nao, mwendo huo huangukia kama dakika 8 au 9 kwa kilomita kwenye tambarare. Kwa wengine hauwezekani bila kuchanganya na kutembea, na hapo naomba unisikilize vizuri: kutembea ni sehemu ya zoezi. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, aliwafundisha watu wengi sana kukimbia kwa kuchanganya na kutembea kwa ratiba tangu mwanzo wa zoezi, wala si baada ya kuchoka. Kimbia dakika moja, tembea mbili. Baada ya wiki mbili geuza: mbili kwa moja. Muhimu ni kutembea kabla miguu haijakulazimisha.

Usidhani mwendo huu ni wa wageni peke yao. Wakimbiaji wa Kenya walio katika kambi za Iten na Kaptagat, watu ambao siku ya mashindano hula kila kilomita chini ya dakika tatu, siku zao nyepesi hutoka kambini polepole kiasi kwamba wewe na mimi tungeweza kuwafuata kwa mita mia kadhaa za mwanzo tukizungumza. Siku nyepesi wanaiacha iwe nyepesi. Sisi wa kawaida tunafanya kinyume: kila siku tunakimbia mwendo wa kati, mkali mno kwa mguu kupona na mdogo mno kutuongezea kasi.

Na joto. Januari hadi Machi hapa pwani hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, linachuruzika tu, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na mwendo ule ule wa Julai unakuwa mzigo mwingine kabisa. Katika miezi hiyo mimi siangalii kabisa dakika kwa kilomita. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nafuata pumzi, na nikikuta imekuwa dakika moja nzima zaidi kwa kilomita naipokea hivyo hivyo. Utapitwa. Pale Daraja la Tanzanite, ambalo lina urefu wa kama kilomita moja na ni zuri kwa kupimia umbali, nimepitwa na kila aina ya mtu. Waache wapite.

Sasa raba, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa hupotea.

Anza kwa kupima mguu nyumbani, jioni, kwa sababu kufikia jioni mguu umevimba kidogo kama unavyovimba ukikimbia. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, kisigino kiguse ukuta, simama uzito wako wote, mtu mwingine aweke alama mwisho wa kidole kirefu. Kwa baadhi ya watu kidole hicho ni cha pili, si gumba. Pima miguu yote miwili, chukua ulio mrefu, ongeza kama sentimita moja. Hiyo ndiyo nafasi ya kidole gumba cha mkono kati ya kidole chako na ncha ya raba, na bila nafasi hiyo kucha zitakuwa nyeusi ukianza kukimbia mteremko. Andika sentimita zako kwenye simu. Namba za viatu za Uingereza, Marekani na Ulaya zinatofautiana, na hata namba 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine, lakini kwenye ulimi wa raba nyingi, ndani, kuna lebo yenye namba zote pamoja na sentimita. Soma hizo. Zingeniokoa wiki sita.

Wengi wetu tunanunua mtumba, soko la Karume au kwa muuzaji wa mtaani mwenye uso unaofahamika, na sioni ubaya wowote. Kwa maoni yangu raba halisi iliyovaliwa kidogo inaishinda mpya ya feki iliyo na soli ngumu kama ya kandambili. Lakini mtumba unachaguliwa kwa mikono, macho yanadanganywa na sabuni na brashi. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma: ikilalia upande mmoja, aliyeitangulia ameshaibonyeza kwa mwendo wake na sasa itakulazimisha utembee kama yeye. Bonyeza kwa kidole gumba lile povu jeupe lililo kati ya soli ya chini na kitambaa. Linatakiwa kubonyea na kurudi. Likiwa gumu, au lina makunyanzi mengi ubavuni, limekufa, hata kama soli ya chini bado ina meno. Povu hukauka kwa umri pia, kwa hiyo raba iliyokaa kwenye stoo miaka mingi bila kuvaliwa inaweza kuwa mbovu kuliko iliyokimbiliwa mwaka mmoja. Kunja mbele: inatakiwa ikunjike pale vidole vinapokunjikia, isivunjike katikati. Shika kisigino kwa nyuma, kiwe imara. Toa soli ya ndani uangalie alama ya mguu uliopita. Halafu pitisha kidole kwenye kingo zote ukitafuta gundi mpya, kwa sababu raba iliyokwisha kugongwa na fundi mara moja mara nyingi huachia tena pale pale, na huachia ukiwa kilomita nne kutoka nyumbani.

Muuzaji akikuharakisha, rudisha raba, uondoke. Mzuri atakuachia uvae zote mbili na kukimbia mita hamsini mbele ya meza yake. Wangu hufanya hivyo, na nimempelekea wateja wengi.

Ukishaivaa, mguu ndio uamue. Isikubane pembeni kwenye mfupa wa gumba, kisigino kisipande na kushuka, na usitafute faraja kwa kusema itajiachia yenyewe. Viatu vya ngozi hujiachia, raba haibadiliki sana. Vaa soksi zile zile utakazokimbia nazo, zisizo za pamba tupu, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakaa na maji na kukuletea malengelenge. Kisigino kikicheza kidogo, pitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho la juu ambalo watu wengi huliacha tupu.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi, nalo ni urefu wa kisigino dhidi ya vidole. Raba nyingi za mazoezi zimeinuka nyuma kwa milimita 8 hadi 12 kuliko mbele. Nyingine zina milimita 4 au ziko sawa kabisa, na hizo hupeleka kazi zaidi kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino. Kama kutwa unavaa viatu vya ofisini vyenye kisigino, kano yako imezoea kuwa fupi. Anza na zilizoinuka. Usianze pia na zile za mashindano zenye bamba la kaboni na povu nene linalokaribia milimita 40, kikomo cha Shirikisho la Riadha Duniani kwa mbio za barabarani. Zimetengenezwa kwa ajili ya kasi. Kwa mwendo wa kuimba zinayumba, na povu lake huisha mapema. Raba ya kawaida ya mazoezi, yenye mto wa kutosha, inadumu kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzito wako na barabara unayopita.

Barabara yenyewe inahesabika. Kingo za lami zimeinamia mtaroni, na ukikimbia kila siku upande ule ule mguu mmoja unakuwa juu na mwingine chini. Kwa usalama nakimbia kulia, nikiyatazama magari yanayokuja, kwa hiyo sehemu yenye njia ya waenda kwa miguu iliyo tambarare ndiyo naipa kilomita nyingi. Mchanga mkavu wa ufukweni uache kwanza. Unavutia kwa macho, lakini unaivuta kano ya kisigino kila hatua.

Ratiba sitaikuza. Siku tatu kwa wiki, dakika 30 kila siku, na angalau siku moja ya kupumzika katikati, kwa miezi miwili ya kwanza. Kisha refusha siku moja tu, dakika tano kwa wiki, na kila wiki ya nne uipunguze tena. Usiongeze kasi na muda pamoja. Kama unaitaka nusu marathoni ya Moshi, na ule mpando mrefu kuelekea Mweka, jipe miezi sita ya maandalizi, na vilima uvipande kwa pumzi ile ile ya wimbo hata kama itakuwa ni kutembea.

Maumivu yaliyosambaa kwenye misuli, ya kesho yake, yanayopungua ukishapata joto, kimbia nayo kwa upole. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuiwekea kidole, yanayozidi unavyokimbia, au yanayokuamsha usiku, simama siku hiyo hiyo ukaonwe.

Ukinunua raba, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike tarehe ndani ya ulimi. Ukikimbia dakika 30 mara tatu kwa wiki kwa mwendo niliokueleza, unakusanya kama kilomita 10 au 11, kwa hiyo jozi moja nzuri itakupeleka karibu mwaka mzima. Ukifua, tumia mikono na maji ya baridi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, anika kivulini. Jua la mchana linaumiza gundi na povu. Jozi yangu ya sasa imeandikwa Machi. Ile iliyoitangulia naivaa kwenda sokoni.