Kwa TAZARA hadi Kapiri Mposhi: anza na dumu la maji

Njia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, na kwa kawaida inakula siku mbili au zaidi. Kinachomsumbua Mwislamu humo si umbali, ni maji. Bomba la chooni siku ya kwanza linatoka vizuri. Asubuhi ya pili unalifungua linakohoa tu. Kwa hiyo panga maji kwanza, nguo baadaye.

Beba dumu la lita 5 la kutawadhia, mbali na maji ya kunywa. Kisha chukua chupa tupu ya nusu lita, pasha msumari moto, toboa kifuniko matundu matatu. Ukiibinya, maji yanatoka kama uzi, na nusu lita inamaliza udhu wote ukiosha kila kiungo mara moja. Si ubahili: Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, yaani ujazo wa viganja viwili. Chupa ya chooni iwe nyingine, ya rangi tofauti, maana usiku zikichanganyika umezipoteza zote mbili.

Mwenye khufu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo, azivae akiwa na udhu kamili. Msafiri anaruhusiwa kupangusa juu yake badala ya kuosha miguu, siku tatu na usiku wake, na utashukuru treni ikipanda kuelekea Makambako na Uyole, hasa Juni na Julai, maji yakiwa baridi kama ya Marangu alfajiri. Soksi za mtumba hazihesabiki kwa sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii. Weka pia kimfuko cha udongo mkavu wenye vumbi, uliochekechwa, kwa ajili ya kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo maji yakikosekana. Kupapasa ukuta wa behewa uliopakwa rangi si tayamamu.

Kibla wengi wanakikosea kwa kuamini simu. Behewa ni chuma, na dira ya simu ndani yake inayumba. Ukweli ni rahisi zaidi: Dar kibla ni kaskazini karibu kabisa, Mbeya kimeegemea mashariki kama digrii 12, Kapiri Mposhi kama 17. Yaani njia nzima ni kaskazini, na kadiri unavyoingia Zambia unageuka kulia kidogo. Jua la asubuhi liwe mkono wa kulia, la jioni mkono wa kushoto. La adhuhuri lisikuongoze.

Treni ikikata kona katikati ya sala, nawe geuka. Ndiyo maana ni afadhali kusali ikiwa imesimama, lakini ndani, kwenye korido karibu na mlango. Usishuke kutandika mswala stesheni kwa kudhani kuna muda. Treni haimsubiri imamu. Adhuhuri, Alasiri na Isha zifupishe ziwe rakaa mbili. Magharibi na Alfajiri haziguswi. Ukikusanya kwa kutanguliza, yaani kusali Alasiri ndani ya wakati wa Adhuhuri, anza na Adhuhuri, tia nia ya kukusanya kabla hujaimaliza, kisha unganisha Alasiri bila kukaa kupiga soga.

Ikiwa treni yako inaondoka Ijumaa alasiri, usitoke Arusha au Moshi kwa basi la asubuhi hiyo: utaikosa sala ya Ijumaa na pengine treni yenyewe. Fika Dar Alhamisi. Wengine hupita Babati, Dodoma na Iringa, wakapandia Mbeya. Wanakosa sehemu inayopita hifadhini, na vitanda huenda vimeshajaa. Kabla ya yote, uliza stesheni kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo, kwani huduma imekuwa ikisimama na kurudi. Daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba, la pili sita, na wanaume hutengwa na wanawake. Mke na mume wanaotaka kukaa pamoja wanunue vitanda vyote vinne.

Chakula: kwenye behewa la mgahawa muulize mpishi nyama imenunuliwa wapi na imechinjwa na nani. Kwa safari ya kurudi uliza kwa makini zaidi, kwa sababu huenda shehena ya jikoni imepakiwa Zambia. Ukitilia shaka, samaki, maharage na mayai vinatosha. Chipsi zina mtego wake: mafuta yaleyale huenda yamekaanga soseji. Tende, korosho na chapati kavu kumi hazikosi kazi treni ikichelewa nusu siku, na huchelewa.

Mpakani, Tunduma upande wa Tanzania na Nakonde upande wa Zambia, maofisa wa uhamiaji hupanda ndani. Pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ziwe mfukoni, si chini ya begi. Wabadili fedha nao hupanda. Badilisha kwacha, fedha ya Zambia, kidogo tu, na uzihesabu mwenyewe kabla hujatoa shilingi. Hapo rudisha saa nyuma saa moja, vinginevyo ratiba ya sala uliyochapisha nyumbani itakupotosha hadi Kapiri.