Glavu za Nguvu 19, kupanda ngazi na kunyonywa na Shadow: namba ipi inaguswa?

Swali, kutoka mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ambamo sifa kama Nguvu huandikwa kwa namba, lilikuwa hivi: mpiganaji mwenye Nguvu 8 amevaa Gauntlets of Ogre Power, glavu za kichawi, kwa hiyo Nguvu yake inasomeka 19. Amefika ngazi ya 4 na anataka kuweka pointi zake 2 kwenye Nguvu. Je, sasa ana 21? Na akipigwa na Shadow, yule kiumbe wa kiza anayenyonya Nguvu, kinachopungua ni ile 8 au ile 19? Najibu kwa kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, zile za 2014.

La kwanza ni jepesi. Hana 21. Pointi 2 zinaingia kwenye namba ya asili, 8 inakuwa 10, na glavu zinaendelea kuifunika kwa 19. Kwa hiyo, kama hana mpango wa kuvua glavu, pointi hizo ni bora azipeleke kwenye Uimara, sifa inayogusa uhai wake.

Ugomvi wote huu huisha ukiandika namba mbili kwenye karatasi ya mhusika: Nguvu ya asili na Nguvu ya sasa. Ya asili hubadilishwa na kupanda ngazi na vitu vinavyobadili mwili moja kwa moja, kama kitabu cha Manual of Gainful Exercise: unakisoma na kufanya mazoezi yake saa 48 ndani ya siku zisizozidi 6, Nguvu inapanda 2 na kikomo chako, ambacho kwa kawaida ni 20, nacho kinapanda 2. Baada ya hapo kitabu kinapoteza uchawi wake kwa karne nzima, lakini ulichopata ni chako.

Ya sasa ndiyo inayochezewa na vitu unavyovaa, na hivyo ni vya aina mbili. Vingine vinaweka namba: glavu zetu (19), Amulet of Health (Uimara 19), Headband of Intellect (Akili 19), na Belt of Giant Strength, inayoanzia 21 kwa jitu la vilima na kufika 29 kwa jitu la dhoruba. Ukivaa viwili vinavyoweka namba ya sifa ileile, kikubwa ndicho kinachosomeka. Glavu juu ya mkanda wa 21 hazikuongezei chochote. Vingine vinaongeza, kama Ioun Stone ya Nguvu, jiwe la kichawi: +2, lakini hadi 20 tu. Wanaotoka toleo la 3.5 ndio huchanganya hapa, kwa sababu kule glavu hizihizi zilitoa +2 juu ya namba yako na mkanda ulitoa +4 au +6.

Ukiwa na cha kuweka na cha kuongeza pamoja, kipi kinaanza? Mimi naanza na kuweka, kisha naongeza, kisha natazama kikomo. Ushahidi ni nyundo ya Hammer of Thunderbolts. Ili ufungamane nayo (yaani ujiunganishe na kifaa ili uchawi wake ukufanyie kazi, mwisho vitatu kwa wakati mmoja) lazima uwe umevaa glavu na mkanda wa jitu vyote viwili, na ukiishika Nguvu inapanda 4, inaruhusiwa kupita 20 ila si 30. Kama kuweka kungekuja mwisho, mkanda ungefuta hiyo 4 na maelezo ya nyundo yangekuwa bure. Kwa mkanda wa 21, basi, unasoma 25, na nyongeza, yaani namba unayoongeza kwenye dadu, ni +7. Bei yake ni kwamba nafasi zako zote tatu za kufungamana zimekwisha. Kwa hesabu hiyohiyo, glavu na Ioun Stone zinakupa 20, wakati mkanda wa 21 na jiwe hilo vinabaki 21.

Kwenye Uimara ndiko watu wanaharibu mchezo. Mhusika wa ngazi ya 8 mwenye Uimara 14 akivaa Amulet of Health, nyongeza inatoka +2 kwenda +4, na kikomo cha uhai kinapanda 16, kana kwamba alikuwa hivyo tangu ngazi ya 1. Kinachopanda ni kikomo. Aliyekuwa na 40 kati ya 60 sasa ana 40 kati ya 76. DM, yaani mwendesha mchezo, akimpandishia na uhai wa sasa, anakuwa na 56 kati ya 76. Akiivua anabaki na 56 kati ya 60. Amejiponya 16 bila kutumia kitu. Na kwa kuwa kuvua kifaa hakuvunji kufungamana, atavaa na kuvua hadi ajae.

Sasa Shadow. Pigo lake linapunguza Nguvu kwa dadu ya pande nne, ikifika 0 unakufa, na upungufu unakaa hadi upumzike, hata pumziko fupi. Ukifuata maandishi, glavu zinasema Nguvu ni 19, na hazikusema 19 kutoa kitu. Kwa hiyo aliyezivaa anaendelea kupiga kwa +4. Ila mimi naandika kila upungufu pembeni ya namba ya asili. Glavu zikitoka, au akiingia ndani ya Antimagic Field, uchawi unaozima uchawi mwingine, inasomeka asili toa upungufu wote. Kama ni 0, amekufa. Hilo la mwisho ni uamuzi wangu, maandishi hayakulitaja, kwa hiyo DM alitangaze kabla dadu hazijarushwa.

Hiyo Antimagic Field yenyewe haihitaji Shadow ili iumize. Mpiganaji wetu mwenye asili 10 akiingia ndani ya futi 10 za mchawi aliyeitupa, +4 inakuwa 0, uwezo wa kubeba unashuka kutoka ratili 285 hadi 150, na kama amevaa deraya ya plate, inayodai Nguvu 15, mwendo wake unapungua futi 10 palepale.

Masharti ya kuchukua vipaji (feats, yaani uwezo maalumu) na fani ya pili nayo huulizwa. Kwa vipaji kanuni iko wazi: ukipoteza sharti, kipaji kinalala hadi ulirudishe. Kwa hiyo Grappler, inayotaka Nguvu 13, unaweza kuichukua ukiwa na glavu, na ukizivua hutaitumia. Kuchanganya fani mbili, kama mpiganaji na mchawi, ambako nako kunadai 13, kanuni haisemi chochote kuhusu kupoteza sharti baadaye. Ndiyo maana hapo nadai 13 ya asili. Bila hivyo mtu mwenye Akili 8 anaazima Headband kwa siku moja, anachukua ngazi ya mchawi, anairudisha, na hakuna mstari wa kumzuia.