Mdogo wangu wa Lindi, usiichomeke hiyo pawa saplai

Usiichomeke kwanza. Hata kama kasha la kompyuta umeshalifunga skrubu zote, acha waya wa ukutani ulale.

Umesema uko Lindi, umeshanunua prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki ya RTX 3060, na kasha limekuja na pawa saplai (kale kaboksi kanakogawa umeme kwa vifaa vyote) ya "wati 600" ndani yake kwa bei moja. Unauliza kama hiyo pawa saplai inatosha, uweke feni ngapi, uchukue monita ya hezi 75 au 144, na kama UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ni lazima. Halafu mkuu mmoja hapo juu kakujibu: "Wati 600 inabeba, pawa saplai ni pawa saplai tu, hela peleka kwenye kadi." Nimesoma hilo jibu nikaweka kikombe cha chai chini. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwishoni mwa 2022, nikayaamini, na mpaka leo kuna familia moja Mikindani, huku Mtwara, nikipita mtaani kwao naangalia chini.

Mzee wangu aliuza korosho msimu ule, akanikatia milioni moja na laki nane nianze kazi ya kuhariri video za harusi. Mchana kazi, usiku gemu, ndivyo nilivyopanga. Nikapanda basi mpaka Dar, Kariakoo. Kadi nikapata ya mtumba, RX 5700 XT, kipindi kile wachimbaji wa sarafu za mtandaoni walikuwa wanaziachia kwa wingi. Prosesa Ryzen 5 3600. Hela ikawa imebaki ya kuhesabu, na pawa saplai ndiyo nilikuwa nimeiweka mwisho kwenye orodha.

Muuzaji akanipa boksi jekundu limeandikwa 750W kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni yenyewe. Elfu 45. Nikamuuliza, "Kaka, hii si rahisi mno?" Akanijibu wati ni wati, zile za laki mbili unalipia jina. Kadi yangu ilitaka plagi mbili, moja ya pini 8 na moja ya pini 6, na pawa saplai ilikuwa na plagi moja tu. Akachomoa kiunganishi kutoka droo, kile kinachochukua umeme kwenye plagi za zamani za diski na kuugeuza pini 6, akaniwekea kama zawadi. Nikamshukuru! Huyo mtu aliniingiza mjini mchana kweupe, na kiunganishi kile ndicho kilitakiwa kinishtue. Pawa saplai ambayo ina wati 750 za kweli haikosi plagi za kadi moja. Aliyeitengeneza alijua haiwezi, ndiyo maana hakuziweka.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo hela ya mzee ilipozama. Ubavuni mwa kila pawa saplai kuna lebo yenye jedwali dogo: volti 3.3, volti 5, volti 12, na chini ya kila moja ampea zake. Prosesa na kadi ya grafiki karibu chakula chao chote wanakichukua kwenye volti 12. Hizo 3.3 na 5 kompyuta ya leo inazigusa kidogo sana. Lebo yangu ilisema volti 12, ampea 24. Zidisha: 12 mara 24 ni wati 288. Zile wati nyingine za kufikisha 750 zilikuwa zimerundikwa kwenye mistari ambayo mashine yangu haina kazi nayo, na nyingine hazipo popote. Kadi peke yake AMD wameiandika wati 225. Prosesa ikikaza inafika 88. Hapo tayari ni 313, hujagusa feni wala diski. Yaani niliipakia mzigo uliozidi kuanzia siku ya kwanza, na karatasi ya kuniambia hivyo ilikuwa imebandikwa ubavuni, mimi nikasoma boksi.

Na ilinionya, sikusikia. Nikifungua gemu zito mashine inazima na kuwaka yenyewe. Nikampigia muuzaji, akasema, "Hiyo ni Windows, piga upya." Nikapiga. Ikarudia. Nikapiga tena. Wiki tano nzima nikahangaika na madraiva, nikapaka upya dawa ya kupitisha joto la prosesa, nikabadilisha rami nafasi, wakati tatizo liko kwenye kale kaboksi nyuma. Mtu yeyote anayesoma hapa ambaye kompyuta yake inazima ghafla gemu likikolea: kabla hujapiga Windows, soma lebo.

Februari usiku, joto la huku mnalijua. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Tunakaa karibu na gesi ya Mnazi Bay lakini kukatikiwa tunakatikiwa, tusidanganyane. Nikawasha mashine nimalizie harusi ya watu. Ikalia "tah!" kama kijiti kikavu, harufu ikajaa chumba, skrini nyeusi.

Fundi wa Majengo aliipima ikiwa peke yake, haijaunganishwa na kitu. Mstari wa volti 12 ukasoma 16 na ushee. Kiwango kinachoruhusiwa ni kati ya 11.4 na 12.6. Saketi ya kudhibiti volti ilikuwa imekufa, na pawa saplai ya maana ina kinga inayokata umeme papo hapo volti zikipanda. Hii haikuwa nayo. Ikaendelea kusukuma. Fundi alipofungua (ninyi msifungue, kapasita kubwa ya ndani inakaa na umeme hata ukichomoa waya), akanionyesha kwenye bodi sehemu za kichujio cha umeme zimechorwa vizuri, lakini vifaa havipo, wameziba kwa vipande vya waya. Kapasita zenyewe zilikuwa za nyuzi 85, wakati zinazovumilia joto ni za nyuzi 105.

Madabodi ikafa. Kadi ikafa. SSD na diski kubwa zikafa zote mbili. Prosesa na rami zilipona. Lakini kwenye diski mlikuwa na harusi mbili, na kadi za kamera nilikuwa nimeshazifuta ili nizitumie tena. Ya kwanza niliirudishia hela tukaelewana. Ya pili, bi harusi alikuja nyumbani Chikongola na shangazi yake. Hakunitukana. Alikaa kwenye mkeka na mama yangu, akauliza kama hata ile sehemu ya bibi yake akimbariki haipo. Haipo. Nikarudisha hela yote, na hela haikuwa alichokuja kutafuta.

Kwa hiyo ninyi mnaosema "pawa saplai ni pawa saplai tu", mniwie radhi, mnawatuma wadogo zetu kwenye shimo. Mnipigie kelele mkitaka kwamba nakuza mambo. Nimelipa, nina haki ya kusema.

Mdogo wangu, shika hili moja: soma ampea za volti 12, zidisha kwa 12, hiyo ndiyo pawa saplai yako. Namba ya kwenye boksi isikusemeshe. Kadi yako NVIDIA wanaiandika wati 170 na wanashauri pawa saplai ya wati 550, lakini wanazungumzia 550 za kweli. Ya kweli ya wati 550 inakuwa na ampea kama 45 kwenye volti 12, karibu wati zake zote ziko hapo. Nafasi hiyo ya ziada si anasa, kadi hizi huruka kwa sekunde ndogo sana kupita namba iliyoandikwa. Ya kasha lako ikisoma ampea 20 au 25, itoe.

Angalia na sehemu ya umeme unaoingia. Ikiwa imeandikwa 100–240V na haina swichi nyekundu nyuma, ni dalili nzuri. Ikiwa na swichi ya 115/230, hakikisha iko 230, maana ikiwa 115 kwa umeme wetu italipuka siku hiyohiyo. Wengine watakwambia tafuta nembo ya 80 Plus. Itafute, lakini ile inapima ufanisi: kwa kipimo cha volti 115, daraja la Bronze asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo, la Gold 90. Haipimi kinga. Kabla ya kulipa, andika jina la modeli kamili mtandaoni utafute walioipima kwa mashine ya mzigo na kuifungua, na ukikosa kipimo chochote, iache dukani. Lebo nazo hudanganya. Ya sasa niliyonayo ni ya wati 650, ampea 54, ilinigharimu laki mbili na ushee, nikala dagaa mwezi mzima.

Waya za pawa saplai moja usizichomeke kwenye nyingine hata plagi ikiingia, upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga pini zake.

UPS ni nzuri ukiipata. Usipoipata, chukua angalau ile friji gadi inayochelewesha umeme dakika kadhaa ukirudi, ndiyo niliyoanza nayo. Feni na monita wakuu wengine watakujibu.

Toa kifuniko cha pembeni, piga picha ya lebo, iweke hapa. Kama imejificha ndani, fungua zile skrubu nne za nyuma uivute. Nipo macho mpaka saa sita, nitakuhesabia.