Mhadhiri katupa tatizo tu, hafundishi. Tufanyeje?

Mdogo wangu, unauliza kama mhadhiri anakwepa kazi kwa kuwapa tatizo la maji ya kijiji badala ya kufundisha. Hapana, ndiyo njia yenyewe ya kufundisha: mnajifunza kwa kutatua tatizo. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kinasomesha wahandisi hivyo tangu kianzishwe mwaka 1974, kwa miradi ya vikundi.

Ila msikimbilie kuchagua pampu. Andikeni kwanza msichokijua: kisima kina urefu gani, watu wangapi, lita ngapi kwa siku, umeme upo? Hapo ndipo hesabu za msukumo wa maji zitakapokuingia, kwa sababu unazihitaji. Gawaneni maswali, kisha kila mmoja awafundishe wenzake. Hili msiliruke kabisa. Wengi humaliza wakijua kipande chao tu. Na mhadhiri mfuateni kila wiki, maswali mkononi.