Je, maji ya shisha huchuja sumu?
Ndugu yangu wa Kampala, umeuliza kama maji ya shisha yanasafisha moshi. Hayasafishi. Ukivuta mrija, hewa hupita kwenye makaa, inachoma tumbaku iliyo kwenye kikombe cha juu, kisha moshi unashuka majini na kupoa tu. Ndiyo maana hauwashi koo, nawe unavuta kwa nguvu zaidi. Nikotini bado imo. Ninachohofia mimi hasa ni makaa: yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Kichwa kikianza kuuma au ukisikia kizunguzungu, toka nje upesi. Mrija wa kupokezana unaweza kuambukiza kifua kikuu. Halafu hapa Uganda sheria ya tumbaku ya 2015 ilipiga marufuku kuuza shisha. Wenye baa wanalijua hilo vizuri.